Jambo la Sita

Kosa la Masuma lilitokana na malezi mema, na makosa ya namna hiyo ni mabaya kuliko yote, maana mtu huyafanya huku anajisifu.

Alikuwa msaidizi wa Diwani Wasi katika Jiji la Toronto, na kazi yake wiki ile ilikuwa kuandika orodha ya mambo ambayo diwani angeyapeleka mbele ya kamati ya wabunge wa jimbo. Akaiandika kama marehemu baba yake, Mzee Anverali, alivyokuwa akiandika barua za jamaat, jumuiya ya msikiti wao kule Moshi. Mzee yule alikuwa katibu miaka ishirini na mbili, na hakuna barua yake hata moja iliyoanza na shida. Ilianza na salamu na dua, zikafuata shukrani kwa yaliyopita, kisha vijambo vyepesi vya kumzoesha mkubwa kukubali. Shida yenyewe ilikaa chini kabisa, karibu na sahihi. Mwenye adabu haingii nyumba ya watu ametanguliza mkono. Chai inywewe, watoto waulizwe hali, ndipo mgeni akohoe kidogo na kusema, "Sasa, kuna jambo dogo..." Na wenyeji wote wanajua kwamba hilo jambo dogo ndilo lililomtoa nyumbani.

Basi orodha ya Masuma ilikuwa na mambo sita. La kwanza lilikuwa shukrani kwa msaada wa maktaba mwaka uliopita. Theluji ilikuwa humo, taa za barabarani zilikuwa humo, hata viwanja vya mpira. Lifti ilikuwa ya sita.

Diwani Wasi, mzaliwa wa Arusha aliyefika Toronto akiwa kijana, aliisoma mara mbili akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Imekaa vizuri sana hii," alisema. Maskini, naye alilelewa hivyohivyo. Asingeiona kasoro hata angepewa darubini.

Lifti zenyewe zilikuwa za jengo moja la ghorofa kule Kingsview Village, karibu na uwanja wa ndege. Zilikuwa mbili. Moja ilikufa kabla ya Krismasi, ya pili ikaifuata katikati ya Januari, na sasa ilikuwa siku ya arobaini na moja watu wanapanda ngazi. Mwenye jengo kila akiulizwa alijibu kwamba vipuri viko njiani, utadhani vinakuja kwa miguu. Jiji lilikuwa na mafundi na vyombo, ila halikuwa na ruhusa ya kisheria ya kuingia kwenye jengo la mtu na kumtengenezea lifti. Ruhusa hiyo ilitakiwa itoke kwa wabunge wa jimbo. Walikuwa na muswada wa nyumba za kupanga mezani, na walikuwa wanapokea mapendekezo mpaka Jumanne, saa kumi jioni. Baada ya hapo, mpaka mwakani.

Na ghorofa ya kumi na moja ya jengo hilo aliishi Mzee Déo, Mkongo wa Uvira, mwenye figo zilizochoka. Mara tatu kwa wiki wanaume wa kanisani kwake walimbeba juu ya kiti mpaka chini ili apelekwe hospitali kusafishwa damu, kisha wakampandisha tena. Wawili walishaumia migongo. Wiki iliyopita walipatikana watu wawili tu, na mzee akakosa zamu yake ya hospitali. Ndipo hospitali ikamtafutia kitanda katika makao ya wazee, mji wa mbali, saa nne kwa gari kuelekea kaskazini. Habari ilifika Jumatatu saa kumi na moja jioni: familia ina siku moja ya kukubali au kukataa. Fomu ikaletwa hapohapo.

Mkewe, Pulchérie, ambaye watu walimwita Mama Patrick, alikuwa na kazi ya kuwaogesha wazee wa watu kule North York, siku sita kwa wiki, na gari hakuwa nalo. Usiku ule alimpigia Masuma simu, akasema wa kwake sasa ataogeshwa na wageni. Masuma akamsihi, "Mama Patrick, usisaini kwanza. Njoo nasi kesho, uwaeleze mwenyewe. Kesho jioni tutakuwa na jibu." Akakata simu akiwa amejifunga kamba shingoni kwa mikono yake mwenyewe, na alilijua hilo.

Jumanne mchana, mbele ya kamati, walipewa dakika ishirini. Mwenyekiti wa kamati, Bi Whitfield, mama mwenye mvi na miwani iliyopandishwa juu ya paji la uso, alivua saa yake ya mkono akailaza mezani mbele yake. Wenzake wanne walikaa kando yake. Upande wa pili walikaa diwani, Masuma, na Mama Patrick aliyevaa kitenge chake cha kanisani juu ya sweta mbili. Fomu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ameupakata.

Diwani Wasi akaanza kushukuru. Jamani, alishukuru! Alishukuru kwa maktaba, akawashukuru waliojenga maktaba, akamkumbuka mbunge mmoja aliyestaafu ambaye hata wenyewe walikuwa wamemsahau. Dakika saba zikaenda. Akaingia kwenye theluji, na kwa bahati mbaya mbunge mmoja pale alikuwa mpenzi wa habari za theluji, akauliza chumvi inayomwagwa barabarani ni ya aina gani na inatoka wapi. Diwani akamjibu kwa kirefu, maana mwenyeji akiuliza hajibiwi kwa mkato. Masuma aliitazama ile saa mezani. Alimgusa bosi wake mguu chini ya meza. Diwani akausogeza mguu wake pembeni na kumwomba radhi kwa macho.

Walikuwa wanaanza taa za barabarani Bi Whitfield aliposhusha miwani. "Tunashukuru sana, Diwani. Muda wetu umekwisha. Mengine tutayasoma kwenye karatasi yenu."

Hakuna atakayesoma, Masuma aliwaza. Alishaliona rundo la karatasi pembeni ya meza, lilifika kimo cha mtungi wa maji. Na diwani wake alifanya nini? Alisimama, akaweka mkono kifuani, akashukuru upya.

Kwenye korido Mama Patrick alingoja mlango ufungwe nyuma yao.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi naomba kuelewa. Tulikuya huku juu ya asansere ao juu ya chumvi?"

"Lifti ilikuwa ya sita, Mama," Diwani Wasi alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tungefika."

"Ya sita." Alilirudia lile neno kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Bwana yangu ni wa sita."

Kisha akafungua mkoba, akatoa fomu na kalamu, akaibandika fomu ukutani kwa kiganja cha kushoto, na akaanza kuandika jina la mumewe. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri wa shule ya masista. Masuma aliiona herufi ya kwanza ikikamilika, akaiona ya pili, na kitu kikamkatika ndani. Aibu ilimshika, tena siyo ile aibu nzuri waliyofundishwa nyumbani. Aliona wazi kwamba adabu yake yote ilikuwa imemstahi kila mtu mle ndani isipokuwa yule mzee wa ghorofa ya kumi na moja.

"Mama Patrick, nipe dakika moja. Moja tu."

Akausukuma mlango bila kubisha.

Wageni waliofuata walikuwa ndiyo kwanza wanavuta viti. Wote wakageuka. Masuma hakusalimia, hakuomba radhi.

"Kuna mzee amefungiwa ghorofa ya kumi na moja kwa siku arobaini na moja," alisema. "Lifti zimekufa. Anabebwa kwenye kiti kwenda kusafishwa damu, na wiki iliyopita hakukuwa na wa kumbeba. Sisi mafundi tunao, ruhusa ndiyo hatuna. Msipotupa ruhusa kwenye muswada huu, leo kabla ya saa kumi na moja fomu ya kumpeleka mbali itakuwa imerudi, na mke wake yuko hapo nje anasaini. Hilo ndilo tulilojia. Mengine yote yanaweza kungoja."

Bi Whitfield alimtazama kwa mshangao, na ndani ya mshangao ule mlikuwa na kero kidogo.

"Sasa mbona hamkuanza na hili? Mimi nilidhani mmekuja kushukuru."

Masuma angemweleza vipi habari za Mzee Anverali na barua zake?

"Saa tisa na dakika kumi sasa," Bi Whitfield alisema. "Niandikie kifungu. Ukurasa mmoja, jambo moja. Kimfikie karani wetu kabla ya saa kumi. Na tafadhali," alishusha sauti, "bila shukrani."

Masuma alitoka mbio, akaikuta kalamu ya Mama Patrick imefika kwenye tarehe. Akaishika ile kalamu na mkono wake pamoja.

Walikaa kwenye mkahawa wa chini, kompyuta katikati ya vikombe vya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Mama Patrick alitaja siku, ngazi, majina ya waliobeba, Masuma aliandika. Siku kumi na nne lifti ikiwa imekufa, jiji liingie na kutengeneza, na mwenye jengo abebe gharama. Diwani Wasi alikuwa anakata maneno. Alikata hata neno "tunaomba" mara mbili, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, lakini alikata. Saa kumi kasoro dakika sita karani aligonga mhuri.

Halafu wakangoja kwenye benchi la korido. Mheshimiwa aliinuka, akakaa, akainuka tena. Masuma alikuwa anasoma salawati kimoyomoyo, Mama Patrick rozari yake mkononi, na wote wawili walikuwa wanautazama mlango uleule. Saa kumi na nusu Bi Whitfield akatoka, saa yake imerudi mkononi.

"Kimeingia," alisema. "Pande zote mbili zimekikubali, na si kawaida yao. Muswada utapigiwa kura ya mwisho kabla ya Pasaka, na kura tunazo. Ila msitarajie fundi kesho. Sheria itaanza kufanya kazi mwezi wa tano."

Masuma alishusha pumzi ndefu mpaka mabega yakamshuka nayo. Alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamtoka, akayaacha yatoke. Diwani Wasi alifungua mdomo, akamtazama Bi Whitfield, akaufunga. Akampa mkono tu, akautikisa mno.

"Mwezi wa tano ni mbali, Wasi bhai," Masuma alimwambia pembeni, akimwita kaka kwa lugha ya nyumbani, cheo chake kimemtoka akilini. "Mpaka hapo nani atambeba?"

"Nani? Sisi!" Diwani alikwishatoa simu. "Mwanangu Shamez na wenzake wa msikitini wanabeba masufuria ya biriani ya watu mia nne kila Muharram. Washindwe mzee mmoja? Waongee na wale wa kanisani, wagawane siku."

Mama Patrick alikuwa ameshampigia mumewe. Aliweka simu katikati yao ili wote wasikie. Alimweleza yote, hakuficha mwezi wa tano.

"Nyarugusu tulingoya miaka kumi na ine," Mzee Déo alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Kambi nzima ya wakimbizi, vumbi, foleni ya maji. Sasa mimi nitashindwa kungoya mwezi wa tano, nikiwa ku kitanda yangu? Ambia bale batu kitanda yao bape mwengine."

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa kumi na moja. Masuma alijitolea kuwapigia wale wa makao, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa chepesi zaidi. Mama Patrick akakataa. Alisimama wima, akarekebisha kitenge, akapiga mwenyewe, akaongea kwa kile Kiingereza chake cha kazini, kila neno mahali pake. Akataja jina la mumewe herufi moja moja. Akasema haji.

Mtu wa upande wa pili akauliza sababu. Alikuwa na fomu ya kujaza, akasoma sababu zilizoandikwa humo, moja baada ya nyingine: umbali, afya, gharama, dini, chakula.

"Hapana," Mama Patrick alimjibu kila mara. Yule mtu akauliza basi aandike nini.

"Andika kwamba ana mke."