Mwanamke Hafiki Shimoni

...na Caleb bado anasema, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amesimama katikati ya ua wetu wa Kampemba, ukoo mzima kwenye viti vya plastiki, mimi chini mkekani, kichwa kimenyolewa, kimya, maana mjane haongei matangani mpaka aulizwe, anasema huyu alimzika Faustin, mume wake wa kwanza, leo tunamlilia Alphonse, mumtazame vizuri, na wanaume wananitazama kisha wanashusha macho upesi, ajabu, mwaka jana walikuwa wakiusifu uso huu huu, leo umekuwa mtego... Faustin aliondoka na malaria, Mungu anajua, lakini wewe Alphonse, siku ile kwenye machimbo ya Kambove nilikuletea simu uliyoisahau, wachimbaji wakanizuia, mama usipite, mwanamke hafiki shimoni, ni mkosi, mawe yenye madini yanakimbia, nikacheka, nikapita, nawe ukacheka, kesho yake udongo ukakufunika, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, ni mvua, si mimi, au ni mimi, nani ataniambia... na anachotaka Caleb ni Dorcelle, binti yangu, hilo ndilo neno lenyewe, miaka sita, ameegemea goti langu, eti mtoto wa kaka yake hawezi kulelewa na mkono unaoua, ataondoka naye leo hii, nami nikilia watasema ninaigiza, nisipolia watasema si tulijua tu, nimechoka, Mungu wangu, nimechoka...

“Belle-sœur, shemeji, sema mbele ya famille,” Caleb ananiuliza, “ulifika pa shimo, ao hapana?”

Nikisema hapana, wachimbaji wenyewe wako hapa, waliniona, nikisema ndiyo, mtoto ameenda... lakini mbona hasogei, ananyoosha mkono kwa Dorcelle kisha anaurudisha, amekwama hatua mbili kutoka mkekani, mkewe anamvuta shati, kumbe wananiogopa, wananiogopa kweli, basi ya nini kujitetea, niseme ndiyo, nilifika, na atakayemgusa mtoto huyu atamfuata Alphonse, neno hilo tu, hakuna mwanamume wa ukoo huu atakayethubutu, nitabaki na mwanangu, na jina la muuaji nitazikwa nalo, sawa, nalichukua... ila Dorcelle ameinua kichwa, hajalala, amesikia kila kitu, na hili pia atalisikia, kwa mdomo wa mama yake, kwamba nilimuua baba yake, na ataniamini, miaka sita anaamini kila ninachomwambia, Mama Maria nisaidie, wote wanangoja, nami nitasema ndiyo.