Aliyemwona Javan

Maroa alifika Kendu Bay mkono mmoja ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mchuuzi wa samaki aliyemwuliza njia akamtazama mkono, akamtazama uso.

"Wewe ndiye yule aliyerudi," alisema. "Mama Javan anakungoja."

Maroa alikuwa Mkuria wa Ogwedhi. Yeye na Javan walikutana kwa wakala mmoja pale Suna, aliyewaahidi kazi ya kulinda maghala ng'ambo. Walipofika huko wakavishwa sare, wakafunzwa kufyatua bunduki, kisha wakasukumwa mstari wa mbele katika vita ambavyo hawakuvijua ndewe wala sikio.

Jedidah, mamake Javan, alimkaribisha ndani. Lynnet, mke wa marehemu, aliketi karibu na mlango. Nje, wazee wa ukoo walikuwa wameleta tunda refu la yago, lile ambalo Wajaluo huzika badala ya mwili usiopatikana. Jedidah alikuwa amewakatalia katakata.

"Simziki mtoto wangu kwa uvumi," alisema. "Wewe ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona, Mama."

Akasimulia. Kilima chenyewe kilikuwa kidogo, lakini aliyekikalia aliiona barabara yote iliyopitisha silaha na chakula. Kikosi cha kwanza kilipanda, kikaisha. Cha pili vilevile. Wao walipopanda waliwakanyaga wenzao, maana hapakuwa na pengine pa kuweka mguu. Droni zilivuma juu yao kama nyuki waliochokozwa. Waliofika kileleni walikuwa wa kuhesabu. Javan akaketi, akacheka, akasema sasa angalau watapumzika. Droni moja ikashuka.

"Alikufa papo hapo?" Lynnet aliuliza.

Njia nzima kutoka Migori, Maroa alikuwa amelitayarisha jibu: ndiyo, hakuhisi kitu. Lakini Jedidah alikuwa akimkazia macho, na ulimi wake ukagoma.

"Hapana, shemeji. Alikaa mpaka jua likazama. Nilimfunga mapaja kwa mikanda, damu ikakataa kusimama. Mwishoni alisema kwa lugha yenu. Nilishika sauti tu: *Mama, yawna dhoot*."

Lynnet alijifunika uso kwa leso. Jedidah akasema polepole, "Alikuwa anataka nimfungulie mlango."

Maroa aliinamisha kichwa.

"Na hicho kilima," Jedidah aliuliza, "sasa ni cha nani?"

"Kilirudi kwa wenyewe kabla wiki haijaisha, Mama. Tuliamriwa tuteremke. Hatukuweza kumbeba. Na nasikia wamepelekwa wengine kukipanda tena."

"Wengine," Jedidah alirudia. "Watoto wa watu."

Aliinuka, akatoka nje akiwa ameshika kiuno, akawaambia wazee, "Chimbeni."

Vijana wa boma walichimba kando ya nyumba ya Javan, udongo ukiwa mgumu kwa kiangazi. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Mjomba wa Javan, Mzee Odhiambo, alipoinama kulichukua tunda lililofungwa shuka, Jedidah akamzuia.

"Huyu ndiye aliyemshika mwisho," alisema akimgeukia Maroa. "Nyathina, mwanangu, mlaze mwenzako."

Maroa alipiga magoti. Mkono mmoja haukutosha. Lynnet akaja akapiga magoti ng'ambo ya pili, akashika upande wa kichwa, na wote wawili wakalishusha taratibu, bila kutazamana.