Kipimo cha Mkaguzi

Doa lilikuwa jeusi, dogo kama ncha ya sindano, juu ya gauni jeupe la harusi. Fundi aliinama alifute, nalo likaruka.

Kiroboto! Mwenye gauni angekuja kulichukua jioni ileile. Fundi alilikung'uta, akalikagua mshono kwa mshono, kisha akamgeukia paka aliyelala kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa, akijikuna bila hata kufumbua macho. Walimwita Mkaguzi, maana hakuna kitambaa kilichoingia nyumbani humo asikikalie kwanza.

Mkaguzi alikuwa wa mama mkwe. Tangu macho ya mama yazimike, miaka mitatu sasa, ni paka huyo aliyemjulisha kila siku kwamba kumekucha. Kila mwisho wa mwezi mama aliuliza, "Mwanangu, umemtia dawa ya viroboto?"

"Nimemtia, mama."

Ilikuwa kweli mpaka baridi ilipoingia. Viroboto hawakuonekana, kazi zikamzonga fundi, akaona dawa inaweza kungoja. Miezi minne alikuwa akijibu vilevile, na ulimi ulikwisha kuzoea.

Sasa hakuwa na muda wa kwenda duka la dawa. Alikimbilia kwa jirani mwenye mbwa, akarudi na kichupa cha dawa ya mbwa kilichobakia. Mbwa yule alikuwa na kilo ishirini. Mkaguzi hata tano hakufika. Kwa mtu aliyekula jasho lake kwa kupunguza nguo za wakubwa ziwaenee watoto, hesabu hiyo haikumpa taabu. Alikadiria robo, akaipunguza tena kwa tahadhari, akamdondoshea paka shingoni. Akajiona mwerevu, maskini, akarudi kwenye gauni lake.

Saa nane mchana mama mkwe alipiga kelele chumbani. "Njoo! Mkaguzi anatetemeka mapajani mwangu kama cherehani!"

Walimfunga kwenye kanga, wakamkimbiza kwa daktari wa wanyama. Njia nzima mama mkwe alimshika fundi mkono, akiuliza kama paka bado anapumua. Daktari alimlaza Mkaguzi mezani, akamfunua macho.

"Amepakwa nini huyu?"

Mama mkwe alimtangulia fundi. "Hajapakwa kitu kigeni, daktari. Mkwe wangu humtia dawa yake kila mwezi, hajawahi kukosa hata mmoja." Alisema hivyo kwa majivuno.

Kichupa kilikuwa mfukoni mwa fundi. Angeweza kukitoa kimya kimya, akakinyoosha; daktari angesoma, na mama asingeona kitu. Alikitoa. Mkono ulifika katikati ya meza, ukasita. Vidole vya mama mkwe bado vilikuwa vimeung'ang'ania mkono wake wa pili.

"Ni ya mbwa," alisema kwa sauti. "Nimempaka leo asubuhi, kidogo tu. Na miezi minne iliyopita sikumtia chochote. Nilikuwa nakudanganya, mama."

"Kwa paka hii ni sumu," daktari alisema, akimnyanyua Mkaguzi. "Hata hicho kidogo." Akaingia naye ndani kumwosha na kumchoma sindano.

Mama mkwe aliuachia mkono wa fundi. Walikaa kwenye benchi, mmoja huku na mwingine kule, saa mbili nzima. Fundi aliomba angalau atukanwe. Mwenye gauni huenda alikuwa akigonga mlango wakati huo, wala yeye hakumkumbuka.

Mkaguzi alirudi nyumbani siku ya tatu, akipepesuka. Mwezi ulipokwisha baridi haikuwa imeondoka, na kikapu kilichooshwa hakikuwa na kiroboto hata mmoja. Fundi alileta kichupa kipya, akaketi kitandani karibu na mama mkwe.

"Nipe." Mama alikipapasa kizibo hadi kitako, akakirudisha. "Nisomee."

Fundi alisoma. Kwa paka tu. Uzito usiozidi kilo tano. Mara moja kila mwezi, mwaka mzima.

"Soma tena."

Akasoma tena, polepole. Mama mkwe alimvuta Mkaguzi mapajani, akayatenga manyoya ya shingo kwa vidole viwili. "Haya. Tia hapa."

Fundi alifungua kichupa, mkono ukasita hewani. Mama aliutafuta, akaukamata kifundoni. Kama ni kwa kuutuliza au kwa kuuchunga, hakusema. Hakuuachia mpaka tone lilipodondoka.