Herufi Nne za Shemeji

Mke wangu alipofariki, watu walimgeuza malaika kabla udongo wa kaburi haujakauka. Siku ya mazishi niliwasikia wakipokezana: alikuwa mpole, hakuwa na neno na mtu, kinywa chake kilikuwa asali. Nikawa natazama huku na huku nione kama tumekosea msiba. Mwanamke niliyeishi naye mimi alikuwa na ulimi wa kunyolea ndevu. Muuza nyanya wa mtaani kwetu akimwona tu anatokea, alikuwa anaziondoa zilizooza mwenyewe, bila kuambiwa.

Aliyewashinda wote ni kaka yangu mkubwa. Alisimama mbele ya watu, akavua miwani, akafuta macho makavu kabisa, akasema, "Shemeji yangu huyu, tangu aolewe na mdogo wangu, hakuwahi kunitolea neno hata siku moja."

Mke wake, aliyekuwa amekaa karibu nami, alishikwa na kikohozi hadi akatolewa nje kupewa maji.

Kaka yangu ana tabia moja. Hapigi hodi. Kwangu anaingia kama mwenye nyumba, anapita sebuleni bila salamu, anafika jikoni, anafunua sufuria moja baada ya nyingine kama mkaguzi wa afya. Akikuta chakula kizuri anakaa. Akikuta cha kawaida anauliza kama tuko salama. Mke wangu alimsema kwa miaka yote, mbele yake na nyuma yake, naye kaka alikuwa akicheka na kumwita mtani. Sasa utani wenyewe alikuwa ameufukia pamoja na mwenye utani.

Nikaendelea kupokea pole. Mfiwa akisema kitu, watu wanasema ni uchungu.

Wiki chache baadaye alinipigia simu mwalimu wa darasa la kaligrafia, huo mwandiko wa mapambo unaoandikwa kwa kalamu ya ncha pana na wino wa kuchovya. Mke wangu alikuwa akienda huko kila Jumamosi mchana. Alipoanza nilimuuliza, "Unaenda kujifunza kuandika? Si unajua kuandika?" Akanijibu, "Na wewe si unajua kula? Mbona unamwaga?" Yakaishia hapo. Mwalimu alisema kuna kalamu zake na kazi yake moja, niende nikachukue.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Ukipanda ngazi, harufu ya mpira inakusindikiza hadi mlangoni, ndipo harufu ya wino inakupokea. Ndani kulikuwa na meza ndefu, mbao za kuegemezea karatasi, mitungi ya maji machafu ya kuoshea kalamu, na ukuta uliojaa kazi za wanafunzi. Karibu zote zilisema Amani. Zilizobaki zilisema Upendo, na moja ilisema Subira. Chini ya hizo Amani, watu wawili walikuwa wakigombania kiti cha dirishani.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Bwana Pumzi, kwa sababu hakukuruhusu kugusa karatasi kabla hujavuta pumzi. "Mstari hauandikwi kwa mkono," alikuwa akisema huku amefumba macho. "Mstari ni pumzi iliyolowa wino." Alivaa shati jeupe lisilo na doa, jambo ambalo kwa mtu anayeshinda na wino lilinitia wasiwasi. Wanafunzi niliowakumbuka baadaye ni wawili. Mmoja ni wakili mstaafu aliyekuja kujifunza baada ya benki kuikataa saini yake mwenyewe. Mwingine ni yule waliyemwita Bi Harusi, aliyeanza darasa ili aandike kadi zake za mwaliko kwa mkono. Alichukua muda mrefu mno kuzipendezesha herufi, mchumba akaondoka. Kadi zilikuwa zinaendelea. Nafasi ya jina la bwana ilikuwa imeachwa wazi.

Bwana Pumzi akafungua kabati, akatoa karatasi nene, pana kama mlango wa dirisha, akailaza mezani taratibu. Na hapo ndipo nilipomwona mke wangu kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Kwa herufi kubwa nyeusi, nzito na zenye fahari kama za hati ya mfalme, alikuwa ameandika: PIGA HODI. HATA WEWE SHE. Mbele ya hapo kulikuwa na mistari ya penseli tu, na kivuli cha herufi nne ambazo hakuzifikia: MEJI.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu hospitali, sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta, kila mtu akageuka.

"Kumbe huyu ndiye mume!" akasema Wakili. "Karibu, bwana. Na huyo shemeji yupo kweli?"

"Yupo," nikasema. "Hata sasa huenda yuko jikoni kwangu."

Bwana Pumzi hakucheka. Alisema mwisho wa muhula kuna maonyesho, na kwamba kaka yangu, aliyejitambulisha siku za msiba kama msemaji wa familia, amempigia simu mara kadhaa. Kaka ameahidi kugharamia fremu. Hajaiona kazi, lakini ametaka ikamilishwe kwa maneno ya heshima yanayomfaa marehemu.

"Nami nimewaza," akasema Bwana Pumzi, akachomoa wembe kwenye kibweta. "Sisi tukikosea hatutupi karatasi. Tunakwangua wino kwa wembe, tunasugua pale palipokwaruzika, tunaandika upya. Haya maneno mawili ya mwanzo ni mazuri, yabaki. Huku mwisho tunakwangua. Kisha naandika kwa dhahabu: PIGA HODI MBINGUNI."

Bi Harusi alishika kifua. "Jamani, nimesisimka."

"Mimi nimesisimka pia," akasema Wakili, "ila kwa namna nyingine."

Niliweka kiganja juu ya karatasi. Mikono yangu ni mikubwa, mimi ni mpima mizigo ghalani. Nikamwambia, "Hapa hapakwanguliwi."

"Lakini kazi isiyokamilika haitundikwi. Ndiyo sheria ya darasa hili tangu nilipolianzisha."

"Basi nitaikamilisha mimi."

"Wewe umewahi kushika kalamu ya ncha pana?"

"Nifundishe. Nahitaji herufi nne tu."

Bwana Pumzi alinitazama kama daktari aliyeombwa amfundishe mtu kushona upande mmoja wa kidonda. Akasema kwa kawaida mtu huanza na mistari ya kusimama, kisha ya kulala, kisha duara, na herufi ya kwanza huja pumzi inapokuwa imetulia. Nikamuuliza kama pumzi ya mke wangu ilikuwa imetulia. Akasema, "Ile haikutulia kamwe. Tena alikuwa anaandika kwa kushoto. Nilimwomba abadilishe mkono, akaniambia mkono huu ndio unaopika, ndio unaofua, leo ndio usifae kuandika?"

Nilimwomba arudie tena maneno hayo. Akarudia. Nilikuwa na kiu kiasi hicho.

Basi nikakalia kiti cha mke wangu. Jumamosi zote zilizobaki nilikuwa naandika M, E, J, I, na hakuna kingine. Darasani wakaanza kuniita Meji. Ghalani niliandika kwenye maboksi, juu ya vumbi la mizani, pembeni ya magazeti. Wenzangu wakaanza kuulizana.

"Huyu Meji ni nani? Ameshapata mke mwingine?"

"Hapana, nadhani ni dawa ya mende."

E ilikubali mapema. I si herufi, ni fimbo. J ilinisumbua kwenye mkia. Lakini M, mama yangu! M ina miguu minne ndani ya nguo moja, mingine minene, mingine miembamba, na siri yote iko kwenye namna ulivyoishika kalamu. Ncha ikikaa mshazari sawasawa, unene unakuja wenyewe mahali pake. Ikikaa vibaya, herufi inafanana na mtu aliyevaa viatu vya watu wawili. Bwana Pumzi alisimama nyuma yangu akipumua kwa niaba yangu. Kufikia mwisho wa muhula, hata yeye alikiri M yangu inaweza kutoka nje bila kushikwa mkono.

Jumamosi ya kabla ya maonyesho nikaweka karatasi yake mbele yangu, na nikafanya kosa ambalo asiyeshika kalamu hiyo hawezi kulifanya. Bi Harusi aliniambia mke wangu alikuwa na kawaida ya kuilaza karatasi upande, karibu kuizungusha robo nzima, kwa sababu ya ule mkono wa kushoto. Nami kwa heshima nikailaza vivyo hivyo. Nikavuta pumzi, nikachovya, nikaandika M kwa mkono wangu wa kulia.

Miguu ilitoka kinyume, kwa kuwa karatasi ikigeuka, na mshazari wa ncha hugeuka. Palipotakiwa wembamba pakaja unene, na palipotakiwa unene pakaja uzi. Pembeni ya zile herufi zake zilizonyooka kama askari, M yangu ilisimama kama mlevi aliyejipenyeza kwenye gwaride.

"Kwangua," akasema Bwana Pumzi, wembe tayari mkononi.

"Sikwangui."

"Basi nyoosha karatasi, ujiokoe kwa zile tatu."

Nilifikiri kidogo. Nikaona M ikibaki peke yake itachekwa. Nikaiacha karatasi ilivyolala, nikaandika E, J na I kwa ubaya uleule, ili angalau wawe ukoo mmoja. Wakili alivua kofia. Bwana Pumzi akaenda kusimama dirishani, kuvuta pumzi ya kweli sasa.

Siku ya maonyesho aliitundika, kwa kuwa sheria ni sheria na kazi ilikuwa imekamilika. Lakini aliitundika nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi, ubao wake uliifunika yote. Wageni wakaingia, wakasoma Amani, wakasema "Jamani, amani," wakasogea kwenye juisi.

Kaka alifika na mkewe, yeye ndani ya suti. Hakubisha, aliingia tu. Akasalimia ukumbi kama mgeni rasmi ambaye hakualikwa kuwa mgeni rasmi. Halafu, kwa sababu upepo wa nje ulikuwa unapeperusha tai yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifunga mlango nyuma yake. Akageuka, akatazamana na ile karatasi.

Kaka ni mtu wa kusoma kwa sauti. Husoma kwa sauti vibao vya barabarani na maelezo ya chupa za dawa. "Piga hodi," akasoma, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hata wewe, shemeji."

Barafu ikasikika ikihama ndani ya jagi.

"Shemeji gani huyu?" akauliza.

"Alikuwa na mashemeji wangapi, kaka?" nikasema. "Mama alituzaa wawili tu, na mimi ndiye mume."

Wakili ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bi Harusi, kisha watu wasiomjua kaka wala mke wangu, wanaocheka tu kwa sababu kila mmoja ana mtu wa namna hiyo kwao.

"Itoe hapo."

"Siitoi."

"Unamdhalilisha marehemu mbele za watu!"

"Marehemu hana shida. Anayedhalilika ni mwingine."

"Mtu akishafariki," akasema kaka, sasa kwa ile sauti ya mazishini, "husemwa kwa mema yake."

"Hili ndilo jema lake. Aliandika kwa miezi, kaka, kwa mkono wake, na kila herufi alikuwa anakuwaza wewe. Nani mwingine amewahi kukufanyia hivyo? Ukisema hakuwahi kukutolea neno, umemzika mtu mwingine. Mimi nataka wangu."

Kaka aliikaza tai yake. Akamtazama Bwana Pumzi, na Bwana Pumzi akayatazama maji ya kuoshea kalamu. Kisha kaka akaufungua mlango kwa nguvu, akatoka, tukamsikia akishuka ngazi na kumgombeza mtu wa matairi kwa kuweka matairi mahali pa matairi.

Mkewe hakumfuata. Aliurudisha mlango taratibu, akasogea karibu na karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, macho yake yakilowa.

"Hii M nani kaiandika, shemeji?"

"Mimi."

"Ndiyo maana imekaa kama imebeba gunia." Akajifuta kwa ncha ya kitambaa. "Haya maneno alinionyesha jikoni kwangu, kayaandika kwanza kwenye mfuko wa sukari. Tulicheka hadi wali ukaungua. Aliniapisha nisikwambie, alitaka uyaone siku ya kuyatundika."

"Alisema nini kingine?"

"Kuhusu kaka yako?"

"Kuhusu chochote."

Alinitazama kama mtu anayepima kama jeraha limefunga vya kutosha. "Kaka yako alipata sentensi moja tu," akasema. "Wewe, shemeji, ulikuwa na kitabu kizima. Kukoroma kwako peke yake kulikuwa na sura tatu. Na alivyokuwa akikuigiza unavyotafuta miwani uliyoivaa! Lakini leo si siku yake, utaumia bure."

Nilivuta viti viwili, nikaviweka chini ya ile karatasi, nikamwonyesha akae.

"Anza mwanzo," nikamwambia. "Na usinifichie kitu."