Atakayemwosha Bi Zuweina

Karani wa sensa alipofika Gando mwaka ule wa 2012, Bi Zuweina alimtajia jamaa zake wote wa mtaa wa juu, na hawakufika kumi. Mdogo wao alikuwa binamu yake Qais, mwenye miaka sitini na mitatu, na huyo ndiye waliyekuwa wakimwita kijana. Wengine wote wa damu yao walikuwa Maskati. Wa mwanzo walikimbia mapinduzi, wa mwisho waliondoka baada ya chaguzi zilizoacha watu na vilio, na hakuna aliyerudi ila kwa likizo ya wiki mbili, na boksi la halua mkononi.

Ng'ambo ya mtaro ilikuwa nyumba ya Mwanamize, ambaye babu zake walitoka bara kuja kuchuma karafuu za kina Zuweina. Humo karani aliandika watu kumi na wanne, na mkubwa wao, Mwanamize mwenyewe, alikuwa hajafika hamsini.

"Wenzetu wana watu," Bi Zuweina alimwambia karani. "Sie tumebaki makumbi, nazi zishakwenda."

Alisema kwa mzaha. Mzaha ulimtoka mwaka uliofuata, alipokufa dada yake, Widad.

Kina Zuweina walikuwa na desturi yao. Jirani angeweza kuwachotea maji, kuwapikia na kuwalilia, lakini nyuma ya pazia anakooshewa maiti haingii mwanamke ila wa damu. Ukitaka kuujua ujinga wa watu wenye nasaba, ndio huo. Siku hiyo nyuma ya pazia walikuwamo vikongwe watatu, na Bi Zuweina, mwenye miaka sabini na minne, ndiye aliyetegemewa kwa nguvu. Walipojaribu kumlaza Widad kwa ubavu, kiganja cha Bi Zuweina kilimsaliti na maiti ikateleza hadi ukingoni mwa kitanda. Shamima, binti wa Mwanamize, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliitupa ndoo, akaingia bila kubisha hodi, akamdaka Widad kwa mikono miwili. Hakuna aliyethubutu kumtoa.

Matanga yakaisha, hofu ikabaki. Bi Zuweina hakuogopa kufa. Aliogopa kuanguka kutoka kitandani akiwa maiti, tena uchi, mbele ya vikongwe wanaotetemeka. Akakimeza kiburi chake chote, akamwita Shamima. Tangu hapo kila Alhamisi baada ya alasiri walijifungia chumbani na mto mrefu wa sufi badala ya maiti, msichana akafundishwa kuanzia kuume, kusitiri kwa shuka, kukanda tumbo polepole, na kuyaweka maji ya karafuu maiti, yaani kafuri, yawe ya mwisho.

"N'geuze kama ulivyomgeuza Widad," Bi Zuweina alimwambia. "Mie sitaki kuburuzwa."

"Hutoburuzwa, bibi. Mie nipo."

Kwa maneno hayo mawili matatu ajuza yule alilala usingizi aliokuwa ameusahau.

Kosa lake ni kwamba furaha ilimshinda kuificha. Kila Ijumaa binti yake, Intisar, alimpigia simu kutoka Maskati, na kila Ijumaa Bi Zuweina alimsifu Shamima: ana nguvu, hana kinyaa, mkono wake mwepesi, mwaminifu. Alisema yote isipokuwa kile anachomfundisha. Angekitaja, angekuwa anamwambia mwanawe, najua hutanizika. Gando maiti haisubiri ndege.

Alhamisi moja Shamima alikuja na bahasha, akakaa kitako bila kuugusa mto.

"Bibi, Bi Intisar kan'tumia viza. Mama mkwe wake kapooza, ataka mtu wa kumgeuza. Nnakwenda Jumatatu. Ni miaka miwili tu."

Bi Zuweina aliiangalia bahasha. "Na nduguyo wa kike, Time?"

"Time na yeye yungoja paspoti. Nyumbani watabaki mama, na mgongo wake ule mbovu, na wale wadogo."

Ajuza alitazama nje, ng'ambo ya mtaro, kwenye uwanja uliokuwa umejaa watoto. Hakuna hata mmoja pale ambaye angeweza kumwinua. Alimwambia Shamima angoje, akampigia mwanawe. Alikuwa amejaa hasira, na maneno yake yalikuwa tayari mdomoni.

"Mama, umepata habari?" Intisar aliuliza kwa furaha. "Wewe ndiye ulonionesha mtu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

"Intisar, msichana huyu n'nae mie hapa."

"Najua, mama. Lakini wewe mzima, alhamdulillahi, hata kikohozi huna. Unamhitajia nini?"

Shamima alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Zuweina aliufunika ule mto wa sufi kwa shuka, la kuoshwa asilitaje.

"Simhitajii," alisema. "Mchukue."