Kamera Aliyoazima Wifi

Wanawake wa Kizanzibari wa Birmingham walikuwa wakimwita Nasreen kupiga picha kwenye harusi zao, na kila aliyeziona picha hizo alimwambia neno lile lile: "Kamera yako nzuri." Nasreen alijibu ahsante, lakini lilimuudhi. Ile kamera ya dijitali aliinunua juzi tu. Picha zilizompa jina alizipiga kwa kamera kuukuu ya filamu, mfuniko wake umefungwa kwa utepe.

Mwaka 2006 wifi yake Raisa, dada wa mumewe, alikuwa anamuoza binti yake Kijakazi. Akaja nyumbani kwa Nasreen, Kings Heath, akavuta kiti jikoni.

"Nataka uniazime kamera."

"Nitakuja kupiga mwenyewe."

"Hapana. Siku hiyo wewe mwenye harusi, kaa ule. Halafu wifi yangu unasumbua watu. Geuka huku, inua kidevu, sogea dirishani. Kamera ya bei ile si inajua yenyewe? Nitabonyeza mie."

Nasreen alimtazama mumewe, Rashad. Rashad alikuwa ghafla na kazi kubwa ya kukoroga chai. Basi akaitoa ile kamera ya dijitali kabatini.

Ukumbini walimkalisha Kijakazi kwenye kiti kilichopambwa maua, nyuma yake madirisha makubwa na jua la kiangazi. Nasreen aliona pale pale kwamba uso utatoka mweusi. Akainuka, sahani mkononi.

"Raisa, mgeuze kidogo. Au washa flashi."

"Kaa, wifi," Raisa akajibu, jicho bado kwenye kamera. "Biriani linapoa."

Akakaa. Alimwona Raisa akiipiga picha migongo ya watu, akipiga meza, akimpiga bibi harusi tena na tena dhidi ya mwanga ule ule. Alitamani kuondoka, lakini ingekuwa maneno mwaka mzima.

Wiki ile ile Raisa alirudi na Kijakazi.

"Kamera yako mbovu," alisema, akiiweka mezani.

Wakazitazama picha kwenye kompyuta. Madirisha yalionekana vizuri, mpaka miti ya nje. Bibi harusi alikuwa kivuli chenye dhahabu.

"Kwako inatoa vizuri, kwangu haitoi," Raisa akasema. "Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Nilikwambia umgeuze."

"Ungesema kwa nguvu."

Nasreen akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Kijakazi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, akisema kwa Kiingereza kwamba haina neno, waziache tu. Ndiye aliyemtia huruma.

"Jumamosi njoo na nguo zako zote," Nasreen akamwambia. "Hina bado haijafutika."

Jumamosi walikuja, na Raisa alikuwa na kamera yake ndogo, ile ya kutia mfukoni aliyonunua sokoni. Alishikilia itumike hiyo, maana ile kubwa hakuiamini tena. Nasreen hakuwa na nguvu ya kubishana. Alisogeza kochi, akamkalisha Kijakazi ubavuni mwa dirisha, akatundika shuka jeupe upande wa pili ili mwanga umrudie usoni.

"Mumeo kashapika?" akamuuliza.

Kijakazi akaanza kueleza wali ulioungua, akacheka, mkono wenye hina ukapanda mdomoni. Nasreen akabonyeza.

Raisa alizitazama picha, machozi yakimlengalenga. Kisha akaipangusa kamera yake kwa mtandio.

"Mashallah. Kumbe kakamera kangu haka kazuri hivi."

Nasreen aliingia jikoni, akafungua bomba bila ya kuosha kitu. Rashad akamfuata.

"Usicheke," Nasreen akamwambia.

"Sijacheka."

Picha zilizunguka nyumba kwa nyumba. Haukupita muda, mama mmoja wa Moseley, Bi Makungu, akapiga simu. Alikuwa anaoza pia, na alitaka kujua kamera ya Raisa inauzwa wapi.

"Sokoni," Nasreen akasema. "Lakini usiinunue. Picha zile nilipiga mie, na zenu nitakuja kupiga mie. Bibi harusi atakaa nitakapomwambia akae. Na wewe pia."

"Mkali wewe," Bi Makungu akasema. "Haya. Tukae wapi?"

"Nitakuja kwanza kuuona ukumbi," Nasreen akasema, na akauliza mtaa.