Meza ya Upande wa Droo

Jirani yao msusi anadai kwamba alikwenda kuomba kiberiti akamkuta mama amekaa mezani, akimwuliza binti yake wa kumzaa, "Jina lako nani?" Msusi akadhani wamegombana, akaingia kuwapatanisha. Mama akamtazama juu hadi chini, akamwambia asubiri nje mpaka aitwe. Msusi akasubiri. Anasema hakuitwa, na kiberiti hakupata.

Msusi huwa anaongeza maneno, lakini siku hiyo hakuongeza.

Mama alikuwa anaitumia meza hiyo kupigia pasi. Ilikuwa ya mbao nzito, yenye droo upande mmoja. Aliyekaa upande wa droo alimsahau aliye mbele yake, hata kama ni mtoto wake, akabaki kujua yale tu anayoambiwa. Akiinuka, anamkumbuka kama kawaida, akisahau aliyoyasema hapo, na kuendelea na shughuli zake. Nyumba nzima ilishazoea. Mama alipiga pasi akiwa amesimama, basi.

Binti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwanachuo, alikuwa anamaliza masomo ya utunzaji wa ghala. Kiwanda cha sabuni kilitangaza nafasi moja ya karani wa ghala, naye akaitwa kwenye usaili. Chuoni walishafanya usaili wa mazoezi, lakini wenzake walimchekea, wakampa alama zote, wakaenda kula. Kwa hiyo akamwomba mama akae upande wa droo.

Siku ya kwanza alijibu huku akiangalia chini.

"Dada, umeangusha kitu?" mama akauliza.

"Hapana."

"Basi inua uso. Nani kakulea wewe, mtu mzima unaongea na sketi?"

"Mama yangu."

"Mpe pole."

Mwanachuo akalia. Mama akamwambia akalilie nje, wengine wanasubiri. Kisha akainuka kwenda kuangalia sufuria, akamkuta binti yake kibarazani. "Jamani, mwanangu, nani kakuliza?"

Kaka yake, fundi pikipiki, naye alikaa. Akiwa amesimama hakujua ila kumtania dada yake. Akikaa hakucheka hata kidogo.

"Maneno mengi," alimwambia. "Hii kazi umewahi kuifanya?"

"Nimeifanya kwenye mafunzo kwa vitendo."

"Si ungeanza na hilo, dada? Toka, uingie tena."

Akatoka, akaingia tena. Jioni baada ya jioni, mpaka sauti yake ikanyooka.

Siku ya usaili kulikuwa na joto, mlango wa chumba ukaachwa wazi. Aliyetangulia kuitwa alikuwa kijana mwenye viatu vipya. Mwenyekiti wa jopo akamwuliza kama goti la mama yake limepona.

"Limepona, mjomba. Anakusalimu."

"Na kwa nini tukuajiri?"

Kijana akacheka. Jopo nalo likacheka.

Mwanachuo akampigia kaka yake simu. Kaka akaileta meza kwa pikipiki, miguu ikiangalia juu, na mlinzi wa getini akamsaidia kuishusha. Zamu yake ilipofika wakaiingiza ndani, wakaiweka mbele ya jopo, hatua chache kutoka viti vyao, upande wa droo ukiwaelekea wajumbe.

Mjumbe mwanamke akainuka, akapitisha kidole juu yake. "Tunazo hizi stoo," akasema. "Zimefunikwa turubai."

"Hazifai kwa ofisi," mwenyekiti akasema. "Kaa, binti. Tuanze."

Wakamwuliza mzigo ukipungua ghalani atafanya nini, akawaeleza. Wakamwuliza udhaifu wake, akautaja bila kuuremba. Mjumbe mwanamke aliacha kuandika ili asikilize vizuri. Mwenyekiti mwenyewe alikiri kwamba siku nzima hajasikia majibu kama hayo, akamtakia kila la heri huko aendako.

"Asante," alisema Mwanachuo. Hakuinuka. "Naomba msogeze viti mbele kidogo, mkae kwenye meza hii. Halafu mtuulize tena, mimi na yule aliyetangulia. Maswali yale yale."

Alisema akiwatazama usoni, na hakuna aliyeweza kusingizia kwamba hakusikia.

Mjumbe wa tatu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, akasogeza kiti chake mbele kidogo. Akamtazama mwenyekiti. Akakirudisha.